Niongezee kidogo kwenye hedifoni

Dogo alivua hedifoni akaziweka mezani, akaniangalia, akasema, "Bro, hiyo filimbi inatoka wapi?"

Filimbi gani tena? Mimi nilikuwa nasikiliza vokali hizohizo (sauti za mwimbaji peke yake) na filimbi siisikii. Ni vokali za zamani, alizirekodi Mkubwa (prodyuza aliyenifundisha kazi, nitamwita hivyo tu, wanaomjua watamjua na naomba wakae kimya) enzi zile studio ni chumba cha nyumbani kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Tulikuwa tumeamua kuzitoa upya na biti mpya. Dogo ana miaka kumi na tisa, na akashikilia hapohapo: kuna kitu kinapiga fiiii, juu kabisa, hakikati, kinamuuma kichwa.

Nikafungua analaiza, kile kiprogramu kinachokuchorea sauti. Na kweli bana. Kuna mstari mwembamba umesimama kwenye hezi 15,625 (mitetemo 15,625 kwa sekunde), kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Wenye umri wangu hiyo namba mnaijua hata kama hamjawahi kuiona imeandikwa. Ni TV ya chogo. Kwenye mfumo wetu wa PAL picha ilikuwa inachorwa mistari 15,625 kila sekunde, na transfoma ya mle ndani ilikuwa inalia kwa frikwensi hiyohiyo, ndo maana ukiwa mtoto ulikuwa unajua TV ya jirani imewashwa hata kama sauti wameizima. Yaani siku Mkubwa anarekodi hizo vokali, sebuleni kwake kuna mtu alikuwa anaangalia mpira au tamthilia, na maiki ikambebea.

Nikampigia. Akacheka sana.

"Mdogo wangu, hizo nyimbo nimezisikiliza miaka yote, hapo hamna kitu. Dogo anakutania."

Nikakata kile kipande chembamba, filimbi ikaondoka (kwa maelezo ya dogo), kazi ikaendelea. Ila mimi sikuendelea. Wiki kadhaa nimekaa na hii kitu kichwani, ndo maana naandika.

## Nikaanza kupekua mafaili

Kwanza nilijifariji. Kupoteza frikwensi za juu kabisa ni umri tu, kila mtu inamkuta, hata babu aliyeishi shamba maisha yake yote bila redio. Sikio linaanza kupoteza kule juu, linashuka taratibu, na huko kwenye 15,000 na kitu hamna muziki wa maana wa kukosa, ni hewahewa tu. Kwahiyo mimi na Mkubwa kutosikia TV ya chogo siyo ugonjwa, ni tarehe ya kuzaliwa.

Lakini kuna neno watu wamekuwa wakilisema juu ya miksi za Mkubwa siku hizi, wanasema "zinachoma". Zamani hazikuwa hivyo. Zamani ukitaka miksi laini, yenye besi imekaa na sauti ya mwimbaji iko mbele bila kelele, ulikuwa unaenda kwake. Sasa hivi hai-hati (vile visahani vya ngoma) zinakata, kila "s" ya mwimbaji inakuja na wembe, ukisikiliza nyimbo tatu mfululizo unachoka. Mimi nilichukulia ni fasheni, kwamba kazeeka na anataka kuwafikia vijana.

Usiku mmoja nikakaa nikazipanga kazi zake nilizonazo, za zamani kuja za sasa, nikaziangalia kwenye analaiza moja baada ya nyingine. Kuna kinundu. Kiko kati ya hezi 3,000 na 6,000, na kadri miaka inavyoenda kinundu kinapanda. Siyo ghafla. Kidogo, kidogo, kidogo.

Hapo ndo nikapoa. Maana hiyo sehemu naijua. Umri unakula kutoka juu kushuka. Kelele zenyewe zina tabia nyingine, zinachimba shimo pale kwenye 4,000 na majirani zake, halafu kwenye 8,000 usikivu unapanda tena. Hilo shimo ndo wataalamu wa masikio wanalolitafuta kwenye karatasi ya kipimo wakitaka kujua kama mtu kazeeka tu au kafanya kazi kwenye makelele.

Mkubwa alikuwa anajaza shimo. Sehemu asiyoisikia vizuri alikuwa anaiongeza mpaka aisikie vizuri, kama prodyuza yeyote makini angefanya, na kwake yeye miksi ilikuwa inatoka imenyooka kila siku. Kazi zake ndo zilikuwa karatasi ya kipimo chake, na sisi sote tumezicheza kwenye simu zetu bila kuisoma.

Hakuna mtu anayesikia kwamba hasikii.

## Sita na tisa

Baada ya hapo kila kitu kikaanza kuonekana. Kuna siku niliwahi kumtajia namba ya simu atume hela ya fundi, nikasema tisa, akaandika sita, hela ikaenda kwa mtu baki na tukahangaika nusu siku kuirudisha. Tulicheka, tukasema ni mtandao. Lakini ziangalie hizo namba mbili: irabu zake ni zilezile, i halafu a. Kinachozitofautisha ni "s" na "t" zimekaa wapi, na "s" na "t" zinaishi kulekule juu alikochimbwa. Mtu wa hivyo hasikii kimya, anasikia "i-a" vizuri kabisa na kwa sauti ya kutosha, halafu ubongo wake unachagua namba unayoona inafaa.

Ndo maana hawa watu hawasemi "sisikii". Wanasema "unaongea ndani". Wanasema vijana wa siku hizi wanamumunya maneno. Kwenye sherehe wanakaa pembeni, wanaitikia kwa kichwa, wanacheka watu wakicheka, sisi tunasema jamaa siku hizi kawa mpole.

## Kuku ana bahati

Sitaki kuwapeleka darasani ila hii lazima niiseme kwa sababu ilinichukiza kweli.

Ndani ya kila sikio, kwenye ile sehemu iliyojikunja, kuna seli za vinyweleo. Zinazopeleka habari kwenye ubongo ni kama 3,500 tu, na wasaidizi wake kama 12,000 wanaokuza zile sauti ndogo. Basi. Unazaliwa nazo zote na hamna stoo. Zikifa zimekufa, hazioti tena, hamna dawa ya hospitali wala ya kienyeji, na yeyote anayekuuzia matone ya kurudisha usikivu uliopotea kwa kelele anakula hela yako.

Za kuku zinaota tena. Nipo siriasi. Miaka ya 1980 watafiti waligundua ndege wakiharibiwa hizo seli wanaotesha nyingine na wanasikia tena. Yaani kuku wa kwa mama unayemfukuza jikoni kapewa kitu ambacho prodyuza hajapewa.

Halafu kuna ule mlio. Ukitoka kwenye shoo au kwenye kikao kirefu cha kurekodi, umelala, masikio yanavuma. Wale mliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini mnaujua, ni mvumo uleule, mtu anaongea na wewe uko kama ndani ya pipa. Asubuhi umeisha, unasema nimepona. Mimi niliamini hivyo miaka yote, kwamba sikio ni kama msuli, linachoka halafu linapumzika.

Mwaka 2009 kuna watafiti wawili wa Boston, Kujawa na Liberman, waliwapigia panya kelele kiasi cha kuwachosha tu. Baada ya muda panya wakapimwa, usikivu umerudi vizuri. Walipoangalia ndani wakakuta viunganishi vya seli na mishipa ya fahamu, karibu nusu kwenye sehemu iliyopigwa, havipo na havikurudi. Kipimo kinasema mzima. Kwa binadamu bado wanabishana inatokea kwa kiasi gani, lakini mimi tangu nisome hiyo sijawahi tena kuuita ule mvumo uchovu.

## Hesabu ya desibeli 3

Sasa hapa ndo penye mtego, na nimegundua hata maprodyuza wakongwe hawaujui.

NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya makazini, wanasema desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa 8 kwa siku. Ukiongeza 3 tu, ikawa 88, muda unakatwa nusu, saa 4. 91 ni saa 2. 94 ni saa moja. 97 nusu saa. 100 ni dakika 15, yaani nyimbo nne na siku yako imeisha.

Mtego ni kwamba desibeli 3 sikio halizioni. Nishati imekuwa mara mbili lakini wewe unasikia "imeongezeka kidogo". Ili usikie sauti imekuwa mara mbili inabidi zipande kama 10 hivi. Kwahiyo kila "niongezee kidogo" ya mwimbaji kwenye buthi (kile kibanda cha kurekodia) inakata muda wake nusu, na kwenye kikao cha usiku mzima anaisema hiyo mara ngapi?

Nikashusha programu ya kupimia kwenye simu (siyo mzani wa dhahabu, maiki ya simu ina mambo yake, ila inakupa picha) nikaiacha mezani siku ya kazi ya kawaida kabisa, mimi na dogo na washkaji wawili waliokuja kupiga stori. Ilicheza kati ya 92 na 96. Na hapo hatujafungulia! Hapo ndo tunaongea juu ya muziki.

Hedifoni za mtaani ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80, saa 40 kwa wiki, kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto. Sasa panda daladala ya Mbagala, injini inanguruma, konda anapiga bati, na dereva naye ana redio yake. Ili usikie muziki wako kwenye vile viiyafoni vya elfu tatu inabidi upite juu ya hayo yote. Na boda ndo usiseme, upepo peke yake umejaza masikio. Mtu anasafiri saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, kila siku ya kazi, simu iko mwisho, na ikimwandikia onyo kwamba sauti imezidi anabonyeza "sawa" bila hata kusoma.

## Kwa nini tunafungulia

Jibu rahisi ni kwamba tunapenda. Jibu la kweli zaidi ni kwamba tunauza.

Mwaka 1933 Fletcher na Munson kule Bell Labs, maabara ya simu ya Marekani, walionyesha kwamba sikio halisikii frikwensi zote sawasawa, na kutokulingana huko kunabadilika na ukubwa wa sauti. Ukicheza kwa chini besi inapotea na zile za juu kabisa zinafifia. Ukifungulia, vyote vinarudi, biti inanona, kifua kinatetemeka. Biti ni ileile, hujaigusa.

Kila prodyuza wa Dar anaijua hiyo hata kama hajawahi kusikia habari za Fletcher. Mteja akija kusikiliza biti humchezei kwa sauti ya maongezi. Unamkalisha kwenye kochi, unafungulia, kichwa kinaanza kutikisika, laki imetoka mfukoni. Mchezee biti mbili zinazofanana, moja iko juu desibeli moja tu, atakwambia hiyo ya pili ina kitu. Kina nini? Kina desibeli moja.

Kwahiyo ukimwambia prodyuza apunguze sauti alinde masikio unamwambia afungue duka gizani. Hii ndo sehemu ambayo zile makala za "kanuni za usikilizaji salama" hazigusi, zinaandikwa kama vile sote tunasikiliza muziki kwa starehe tu. Kwetu sauti kubwa ni meza ya biashara. Na mwimbaji akishazoea biti kwa sauti ile, akienda nyumbani akaicheza kwenye simu anakupigia: "Bro mbona imepoa?" Unaibana na limita (kile kinachozuia sauti isipite kiwango) mpaka haina pumzi. Kumbe Spotify na YouTube wenyewe wanazishusha nyimbo zote zilingane, pale kwenye LUFS -14 hivi (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo), kwahiyo huko kubana kote kunashushwa na wimbo unabaki umekufa bure.

## Nilimwambiaje

Hapa ndo nilipokaa muda mrefu zaidi, na sina uhakika nilifanya vizuri.

Mtu kakufundisha kazi. Kakununulia chakula miaka huna hata nauli. Unaanzia wapi kumwambia masikio yake yamekwenda? Halafu ni masikio, siyo goti. Habari ikisambaa kwamba fulani hasikii vizuri, nani atampelekea albamu? Nadhani ndo maana kwenye hii kazi hamna anayeongea. Wazungu wenyewe wakubwa ilichukua muda. Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, amesema wazi kwamba masikio yake yameharibika, na anazilaumu zaidi hedifoni za studio kuliko zile shoo, wakati bendi yake ndo iliingizwa kwenye kitabu cha rekodi za Guinness kwa shoo ya 1976 London, desibeli 126 ukiwa mita 32 kutoka kwenye spika. Baadaye Guinness wakaifuta hiyo nafasi ya bendi yenye kelele kuliko zote, wakaona wanahamasisha watu kuumia. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, mwaka 2016 aliambiwa na madaktari aache ziara ama asibakiwe na kitu. Hao ni watu ambao hata wakikaa nyumbani wanakula. Mkubwa akikaa nyumbani anakula nini?

Nikaenda kwake Jumapili. "Shikamoo kaka." "Marahaba, karibu." Nikazungukazunguka, nikaongelea mpira, nikaongelea bei ya umeme, nikaleta ile stori ya filimbi kama utani. Akasema tena dogo ananitania.

Shemeji alikuwa anapita na sinia la machungwa, akasimama.

"Shemeji, mwambie wewe. Mimi nikimwambia anasema namsumbua. Sisi hapa TV tunaweka 25, yeye akiingia anaipeleka 60. Watoto wamehamia kwa bibi yao kuangalia katuni."

Mkubwa akasema TV yenyewe mbovu.

Akamaliza chungwa lake. Halafu akauliza, macho yako kwenye TV, "Hicho kipimo kinauma?"

Hakiumi. Unaingia kwenye kibanda kidogo kimya kabisa, unavaa hedifoni, unapewa kitufe, kila ukisikia kamlio unabonyeza. Kwa mtu wa studio ni kama buthi, alijisikia nyumbani. Karatasi ilipotoka sikuhitaji kuelezwa. Mstari umekuja vizuri kutoka kushoto, umefika 3,000 ukaanza kushuka, 4,000 umezama, 8,000 umepanda tena kidogo. Sikio la kushoto limezama zaidi, na yeye mwenyewe ndo alijua sababu kabla mtu hajauliza: miaka yote ya kupiga muziki kwenye sherehe meza yake ilikuwa inakaa kulia kwa spika.

Halafu akamuuliza yule dada mpimaji swali ambalo sitalisahau: "Sasa hili shimo siwezi kulijaza kwa EQ?"

Yule dada hakujua EQ ni nini. Akaelezwa ni kile kinachoongeza au kupunguza frikwensi unazotaka. Akafikiri, akasema kimsingi ndo kazi ya kifaa cha kusaidia kusikia, kinaongeza pale unapokosa. Mkubwa akafurahi kidogo, akauliza bei, furaha ikaisha. Hajakinunua mpaka leo. Bei ni sababu moja. Nyingine ni kwamba kinaonekana.

Ila miksi kabadilisha. Sasa haamini sikio peke yake kule juu, anaweka nyimbo mbili tatu za kulinganisha anazozijua tangu zamani, anaangalia analaiza, na kabla hajatuma kazi anampa kijana asikilize zile "s". Nyimbo zimeacha kuchoma. Mwenyewe anasema zimepoa mno, hazina uhai, anafanya tu kwa sababu karatasi imesema. Fikiria hiyo hali, kufanya kazi nzuri ambayo wewe mwenyewe unaisikia mbaya.

## Chumbani kwangu

Mimi nimeacha kuamini kitasa cha sauti kama kitu cha kuamua kwa hisia. Nilicheza kelele ya kupimia, ile inayosikika kama mvua, nikashika simu pale ninapokaa, nikapandisha mpaka ikasoma 76, nikabandika soltepu kwenye kitasa na alama ya kalamu. Chumba changu ni kidogo, sauti zaidi ya hapo hakihitaji. Hapo ndo kazi yote inafanyika. Siku za kwanza nilihisi nafanya kazi na mto usoni, besi hamna, kila kitu kimelegea. Kisha sikio likatulia, na kitu cha ajabu, maamuzi yakawa mazuri zaidi, maana ukiweza kuifanya kiki (ile ngoma ya besi) igonge kwa sauti ya chini, ukifungulia inabomoa ukuta.

Na nafungulia, sijawa mtawa. Mteja akija anapata dakika zake za kochi. Wimbo mmoja, tunarudi kwenye alama.

Kwenye buthi nimejifunza kwamba mwimbaji anaposema "niongezee" mara nyingi hataki sauti zaidi, anataka kujisikia. Ukimshushia biti badala ya kumpandishia vokali, anajisikia na anafurahi na hajui umefanya nini. Wale wanaovua upande mmoja wa hedifoni wanaharibu mara mbili, upande uliobaki wanaupandisha kufidia, na biti inavuja inaingia kwenye maiki. Halafu limita kwenye laini ya hedifoni, tafadhali. Siku maiki ikipiga ule mluzi wa ghafla mtu kavaa hedifoni kichwani, hamna wa kuwahi kitasa.

Plagi za masikio watu wanaziogopa kwa sababu wameanza na zile za sponji za viwandani, ambazo zinaua kote juu na kuacha besi, muziki unasikika uko chumba cha pili. Zile zina kazi yake, ukikaa karibu na jenereta au spika za sherehe, na nusu ya watu wanazivaa vibaya: inatakiwa uisokote iwe nyembamba, uvute sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, uingize, uishikilie mpaka itanuke. Kwa wanamuziki zipo nyingine, zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980, zinazoshusha frikwensi zote karibu sawasawa, muziki unabaki uleule ila uko chini. Pamba na karatasi ya chooni ni kujidanganya tu.

## Vigodoro

Nilibaki na ugomvi mmoja ndani ya kichwa changu.

Singeli haijazaliwa kwenye chumba chenye alama ya 76. Imezaliwa Manzese, Mburahati, Tandale, barabarani, usiku, na mapigo yanayopita 200 kwa dakika ambayo hayana sehemu ya kupumulia. Sikio kwenye nyimbo nyingine linapata upenyo, kuna mahali ngoma zinaachia. Singeli haiachii. Na sitaki kuwa yule mtu anayekaa kwenye nyumba yenye ukuta na geti halafu anapiga simu kwa mjumbe kwamba watu wa bondeni wana kelele. Kila mara hii mada ya kelele ikiletwa inaletwa hivyo, kama tabia mbaya ya watu wasio na hela. Baa ya wenye nazo ikivuma mpaka asubuhi inaitwa burudani.

Kwahiyo nikauliza swali tofauti: nani hasa anaumia pale? Siyo mwenye geti. Ni watoto. Nenda kwenye kigodoro chochote (sherehe ya mtaani ya usiku) uangalie mbele ya spika kumesimama nani. Spika zimewekwa chini, juu ya kreti au kwenye mchanga, mdomo wake uko sawa na kichwa cha mtoto wa miaka saba, na yeye anacheza pale nusu mita, saa nne za usiku, saa tano, saa sita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 kwa kumbi za muziki unasema wastani usizidi desibeli 100, na hiyo ni kwa watu wazima waliolipa kiingilio.

Mahali wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili unapunguza kama desibeli 6. Ukimtoa mtoto mita moja ukampeleka mita nne umempunguzia 12, na rudi kwenye ile hesabu ya kila 3, uone umempa muda mara kumi na sita. Na huhitaji hata kumfukuza mtoto. Ukizipandisha spika kwenye stendi zikapiga juu ya vichwa vya watu, wa mbele hawapigwi usoni na wa nyuma bado wanasikia.

Nikamfuata mwenye muziki wa mtaani kwetu nikamweleza yote hayo, na watoto, na seli, na kuku. Akanisikiliza kwa adabu zote. Akasema stendi ni gharama na watu wanapenda kulala kwenye spika.

Nikamwambia pia spika ikikaa juu inapiga mbali zaidi, mpaka mtaa wa pili.

Wiki iliyofuata kachomelea stendi mbili za chuma, ndefu, kapaka rangi na jina lake. Watoto bado wanacheza mbele, ila sasa sauti inawapita juu. Mtaa wa pili wameshatuma mtu kuulizia ni nani aliyemshauri.